Kikohozi kimegoma kuisha, niende hospitali au nisubiri? Maswali ninayoulizwa kila siku

Nahudumu kwenye duka la dawa muhimu hapa Dar, na kama kuna kitu kinaingia dukani kila siku ya Mungu basi ni kikohozi. Mtu anafika dirishani anasema dada nipe dawa ya kifua ila iwe kali, ukimuuliza kimeanza lini anakwambia kitambo kidogo, ukimbana zaidi unakuta hicho kitambo kidogo ni tangu mwezi uliopita. Ndo nikaona niyaweke maswali yote sehemu moja, yale yale yanayojirudia, kwa sababu pale dirishani kuna foleni na hatupati muda wa kuongea vizuri. Mimi sio daktari na majibu mengi hapa yatakuelekeza kwake, ninachotaka ujue ni uende lini na kwa nini.

Kikohozi kikifika siku ngapi ndo niende hospitali?

Wiki mbili. Hata kama unakula vizuri, unaenda kazini, huna homa, zikifika wiki mbili nenda kapime makohozi. Huo ndo utaratibu wetu Tanzania kwa mtu mzima na sababu yake ni kifua kikuu, maana nchi yetu imo kwenye ile orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Kwenda kupima haimaanishi tayari unayo, wengi wanapima wanakutwa hawana, ni mafua yaliyochelewa kuondoka au aleji au kitu kingine kabisa, lakini yule mwenye nayo akisubiri miezi mitatu huku anabadilisha dawa za maji, anakuwa ameshawaambukiza watoto wake na wapangaji wenzake na mapafu yake nayo yameshaharibika sehemu ambayo hairudi.

Kuna watu ambao hizo wiki mbili haziwahusu, wao waende mapema. Kama unaishi na virusi vya UKIMWI, kikohozi cha siku yoyote ile, hata kilichoanza juzi, kitaje kliniki na usisubiri tarehe yako ifike. Vilevile kama nyumbani kuna mtu anatumia dawa za TB, kama una kisukari, kama umefanya kazi mgodini, kama umetoka gerezani karibuni, kama una mimba. Hawa wote mlango uko wazi, hakuna atakayewauliza mbona mmewahi.

Dalili gani zikitokea nisisubiri hata hizo wiki mbili?

Damu kwenye makohozi, hata michirizi tu, siku hiyo hiyo nenda. Kukosa pumzi, yaani unaongea sentensi haiishi mpaka uheme, siku hiyo hiyo. Kifua kinachoma kama kisu ukivuta hewa na homa inakutetemesha, siku hiyo hiyo. Midomo au kucha zimegeuka rangi ya bluu au kijivu, hapo tafuta usafiri sasa hivi usiku huo huo msisubiri kukuche. Mguu mmoja umevimba unauma halafu ghafla pumzi inakata na kikohozi kinaanza, hiyo pia ni dharura, inaweza ikawa damu iliyoganda imepanda kwenye mapafu.

Kwa wazee angalieni sana, mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa kubwa, mnachokiona ni kwamba ameanza kuchanganyikiwa, hataki kula, amelala tu, na nyumbani wanasema uzee. Sio uzee huo, mpelekeni. Na mtu akilala chali anakosa hewa mpaka akae au apange mito mitatu, na miguu yote miwili imevimba, huyo kikohozi chake kinaweza kuwa kinatoka kwenye moyo na hakuna sirapu ya kifua itakayomsaidia.

Halafu kuna dalili ambazo hazikukimbizi usiku ila pia hazingoji tarehe, suruali imeanza kulegea bila wewe kupunguza chakula, jasho la usiku mpaka shuka linalowa, vihoma vya jioni vinavyokuja na kuondoka. Kikohozi kikiambatana na hivyo hesabu ya siku iache, nenda kesho.

Mafua yameisha kabisa ila kikohozi kimebaki, hii ni kawaida?

Mara nyingi ni kawaida na hapa naomba watu wapumue kidogo. Mafua yenyewe yanaisha ndani ya wiki moja lakini njia za hewa zinabaki zimechubuka, kila ukivuta vumbi au hewa ya baridi zinawasha na unakohoa, na hali hii kwa mtu mwenye afya nzuri inaweza kukaa wiki mbili na nusu hadi tatu hata asipokunywa chochote. Watu wengi wanategemea kikohozi kiishe siku saba, kisipoisha wanaona dawa haifanyi kazi wanakimbilia kali zaidi. Cha kuangalia ni mwelekeo wake, kama kila baada ya siku mbili tatu unaona kuna unafuu hata mdogo basi kinaondoka chenyewe, kama kimesimama pale pale au kinapanda, au kilipungua halafu homa imerudi upya, hapo sio mabaki ya mafua tena.

Na najua utasema mbona mwanzo umesema wiki mbili na sasa unasema kinaweza kufika tatu. Ni kweli vyote viwili. Zikifika mbili unapima ili tuitoe TB kwenye hesabu, ukishajua haipo hiyo wiki ya tatu unasubiri kwa amani.

Makohozi yamegeuka njano na kijani, si ndo nahitaji antibayotiki?

Hapana, rangi peke yake haisemi hivyo. Ile rangi inatoka kwenye chembe zako mwenyewe za kinga zilizokuwa zinapigana, na hata kirusi cha mafua kinaleta makohozi ya kijani. Daktari anaangalia vitu vyote kwa pamoja, homa, mapigo, unavyohema, anakusikiliza kifua, ndo aamue.

Dada mimi niuzie tu azithromaisini, mwenzangu alikunywa tembe tatu akapona

Hili sio swali ila ndo ninaloambiwa zaidi ya yote kwa hiyo nalijibu kwa kirefu. Mwenzako inawezekana alikuwa na kirusi ambacho siku ile alipomeza tembe ya tatu kilikuwa kinaisha chenyewe. Antibayotiki haigusi virusi. Unachopata ni tumbo kuharisha, hela imeondoka, na wadudu waliomo mwilini mwako wanajifunza kuizoea ile dawa, halafu siku ukipata nimonia ya kweli ile dawa haifui dafu.

Lakini kuna baya zaidi na hili watu wengi hawalijui. Zipo antibayotiki kama levofloksasini ambazo zinamgusa mdudu wa TB kidogo, hazimmalizi, zinampunguza tu. Kwa hiyo mtu mwenye TB anameza siku tano anapata nafuu, kikohozi kinatulia, anasema nimepona, baada ya wiki kadhaa kinarudi, anameza tena, anapata nafuu tena, na akija kupima makohozi katikati ya hapo mdudu anaweza asionekane vizuri, majibu yanatoka hana. Miezi inakwenda hivyo. Na kwa bahati mbaya hizo dawa ni miongoni mwa zile zinazotegemewa kutibu TB sugu, sasa ukizizoesha mapema umejiharibia na akiba.

Kwa hiyo nikikukatalia usichukie, na ukiona duka linakuuzia bila hata kukuuliza kikohozi kina siku ngapi, hawajakusaidia hao. Kama tayari umeshameza dozi moja ya antibayotiki uliyoandikiwa ukamaliza na bado unakohoa, usitafute ya pili, hiyo yenyewe ni sababu ya kwenda kupima.

Kwani ukiwa na TB lazima uwe na UKIMWI?

Hapana jamani. TB inakaa hewani, anayevuta anaweza kuipata, bonge, mwembamba, mwenye gari, mpanda daladala, mlokole, yeyote. Wenye VVU ni rahisi zaidi kuugua kwa sababu kinga imeshuka, ndo maana ukikutwa na TB utapimwa na VVU na mwenye VVU ataulizwa kikohozi kila akienda kliniki, lakini wapo wengi sana wenye TB ambao VVU hawana. Hii hofu ya watu watanifikiriaje ndo inawafanya watu wakoholee kwenye kanga miezi na miezi, na inaniuma kuliko kitu chochote, maana ni ugonjwa unaopona.

Kipimo chenyewe kikoje na ni shilingi ngapi?

Kupima makohozi na dawa za TB ni bure kwenye vituo vya serikali, na hospitali nyingi za binafsi na za dini nazo zinatoa bure kwa mpango wa taifa. Unaweza kulipia kadi ya kumuona daktari au picha ya kifua ikihitajika, uliza kabla, ila kile kipimo na zile dawa mtu asikudai.

Huhitaji kwenda Muhimbili, zahanati ya mtaani inatosha kuanzia. Ukifika tu mwambie muuguzi una kikohozi cha muda, usikae kimya kwenye benchi katikati ya watoto na wajawazito, watakupa nafasi ya hewa au watakutanguliza. Utapewa kikopo. Hapa ndo wengi wanakosea, wanatema mate, na mate hayana kitu. Sukutua mdomo kwa maji, simama nje sehemu yenye hewa mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu kisha kohoa kutoka chini kabisa kifuani mpaka kitoke kile kizito. Ya asubuhi ukiamka kabla hujala ndo mazuri zaidi maana yamekusanyika usiku kucha.

Siku hizi wanatumia mashine ya GeneXpert, ndani ya saa mbili hivi inaonesha kama mdudu yupo na kama ameizoea rifampisini, ambayo ndo dawa kubwa. Kituo kisicho na mashine kinasafirisha sampuli kwenda kwenye kituo kingine, kwa hiyo majibu yanaweza kuchukua siku kadhaa, acha namba ya simu inayopatikana, na usipopigiwa rudi mwenyewe kaulize. Na kuna jambo linalonifurahisha kila nikilisimulia, pale Morogoro kwenye chuo cha Sokoine shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa makohozi, panya mmoja anapitia sampuli mia moja kwa dakika kama ishirini, wanarudia sampuli ambazo vituoni zilishapimwa zikaonekana safi, na zile anazosimamia panya zinathibitishwa maabara. Wapo watu waliogundulika kwa njia hiyo baada ya kuambiwa hawana.

Nikikutwa nayo itakuwaje, nitafukuzwa kazi, nitatengwa vyombo?

Vyombo havihusiki, TB haipiti kwenye sahani wala kikombe wala kushikana mikono. Inapita hewani, mtu mwenye TB ya mapafu akikohoa, akiimba, akiongea, mlio naye chumba kimoja kisicho na hewa mnavuta. Fungua madirisha, funika mdomo ukikohoa, na ukianza dawa sawasawa baada ya wiki mbili hivi uwezo wa kuambukiza wengine unakuwa umeshuka sana.

Dawa ni miezi sita kwa TB ya kawaida, miwili ya kwanza dawa nne zimewekwa kwenye tembe moja, minne inayofuata dawa mbili. Mkojo utageuka rangi ya chungwa, usiogope wala usikimbie kusema figo zimekufa, ni rifampisini hiyo. Macho yakigeuka njano au kichefuchefu kikizidi mpaka huli, hapo rudi kliniki haraka. Hatari kubwa iko mwezi wa pili, umeshanenepa, kikohozi hakuna, unaona vidonge vya nini tena, unaacha. Wadudu waliobaki ni wale wagumu, wanarudi wakiwa sugu, na matibabu ya TB sugu zamani yalikuwa yanafika mpaka miaka miwili na miezi ya sindano ndani yake, watu wanapelekwa mpaka Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro. Siku hizi yamefupishwa na ni vidonge, lakini hutaki kufika huko.

Na wale unaoishi nao waende wakachunguzwe, hasa watoto chini ya miaka mitano, hata kama hawakohoi. Wakionekana hawana, wanaweza kupewa dawa ya kuwakinga. Ile chanjo ya BCG ya begani waliyochomwa walipozaliwa inawakinga zaidi na TB mbaya za watoto kama ya ubongo, isikufanye useme mtoto kachanjwa basi yuko salama.

Mtoto wangu anakohoa, nae nisubiri wiki mbili?

Mtoto ana hesabu yake na inaanza na pumzi. Mwache atulie, asiwe analia wala ananyonya, mfunue tumbo, washa saa ya simu uhesabu tumbo linavyopanda kwa dakika moja nzima. Wa chini ya miezi miwili akifika 60 au zaidi, wa miezi miwili mpaka mwaka akifika 50, wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40, huyo anahema haraka, inawezekana ni nimonia, mpeleke leo. Nimonia inaua watoto haraka sana, sio ugonjwa wa kulala nao. Ukiona chini ya mbavu panabonyea kuingia ndani kila akivuta pumzi, au ameshindwa kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea haamki vizuri, degedege, hapo hata kuhesabu usihesabu, beba uende.

Kikohozi cha kukohoa mfululizo mpaka uso unakuwa mwekundu au wa bluu halafu anavuta pumzi kwa mlio na kutapika, hicho kinaweza kuwa kifaduro, na kwa kichanga kifaduro kinaweza kuja kama kuacha kupumua tu. Angalia kadi kama zile chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zimekamilika. Na mtoto aliyekuwa mzima anacheza, mara ghafla akaanza kukohoa na kupaliwa, jiulize alikuwa na nini mkononi, karanga, mbegu, punje ya mahindi, kifuniko cha peni. Kitu kikikaa kwenye njia ya hewa anaweza kutulia ukadhani kimetoka, kumbe kimeingia ndani na kikohozi kinaendelea wiki na wiki. Mwambie daktari hiyo habari hata kama hukuona kwa macho.

TB kwa mtoto haina makelele, anakohoa lakini zaidi ni kwamba uzito haupandi, hachezi kama wenzake. Nenda na ile kadi ya kliniki, ule mstari wa uzito unamwambia daktari mengi. Watoto wadogo hawajui kutema makohozi, kwa hiyo kuna namna nyingine, hata choo chake kinaweza kupimwa kwenye ile mashine.

Bibi anasema ni kimeo, tukakikate?

Msikikate. Nalisema kwa herufi kubwa moyoni ingawa bibi simvunjii heshima, amelelewa hivyo na anampenda mjukuu. Kimeo ni ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma ya koo, kila binadamu anayo, na haisababishi kikohozi cha muda mrefu. Mtoto anapougua koo au akikohoa sana kinaweza kuvimba kikaonekana kirefu, basi watu wanakiona wanasema huyu hapa mchawi wetu, kumbe na chenyewe kinaugua pamoja na mtoto. Fundi anakuja na kifaa chake, alichotumia kwa mtoto wa jana, anakata bila ganzi. Watoto wanafika hospitali wametoka damu mpaka wamepauka, wanahitaji kuongezewa damu, wengine kidonda kimeoza, kuna pepopunda, kuna VVU na homa ya ini kupitia kile kifaa. Wengine hawafiki.

Na wanaofika salama bado wanakohoa, kwa sababu nimonia iko pale pale, TB iko pale pale, pumu iko pale pale, na wiki mbili tatu zimeshapotea wakisubiri kidonda kipone. Kama kwenu kuna shinikizo, waambie tunampeleka kwanza hospitali wakamwangalie na hicho kimeo, daktari atakiangalia kweli na atawaambia.

Mchana niko sawa, usiku na alfajiri ndo nakohoa mpaka nyumba nzima inaamka

Fikiria pumu, hasa kama kuna mluzi kifuani, kama inakuja ukikimbia au ukifagia au baridi ikiingia, kama kwenu kuna mwenye pumu au ukurutu au mafua ya aleji. Kuna watu pumu yao haina kubanwa, ni kikohozi kikavu tu, wanatibiwa nimonia mwaka mzima. Daktari anaweza kukupulizisha kwenye kifaa kuona nguvu ya pumzi kabla na baada ya dawa.

Watu wanaogopa inhela, wanasema ukianza huachi, wanasema inaua. Dawa ya kuvuta inakwenda moja kwa moja kwenye mapafu kwa kiasi kidogo sana, wakati kile kidonge au sirapu inazunguka mwili mzima ndo maana mikono inakutetemeka na moyo unakwenda mbio. Kinachoua ni pumu isiyotibiwa. Na zipo inhela za aina mbili, ya kufungua wakati umebanwa na ya kukinga ya kila siku, mtu akitumia ile ya kufungua peke yake kila siku mara kibao huyo pumu yake haijadhibitiwa, arudi kwa daktari.

Natumia dawa za presha, zinaweza kuleta kikohozi?

Ndiyo, na hili linasahaulika sana. Angalia pakiti, kama jina linaishia na pril, yaani kaptoprili, enalaprili, lisinoprili, hizo zinaleta kikohozi kikavu cha kuwasha kooni kwa baadhi ya watu, na kinaweza kuanza baada ya wiki au hata miezi tangu uzianze, kwa hiyo huunganishi. Usiache mwenyewe, presha ikipanda ni kiharusi hicho. Rudi kwa aliyekuandikia, mwambie, atakubadilishia kwenda nyingine kama losatani, na kikohozi kinaisha ndani ya wiki chache, kwa wengine inachukua mpaka miezi.

Napikia mkaa na kuni, mume wangu ni mchimbaji, hivi vina uhusiano?

Vina uhusiano mkubwa. Moshi wa kuni na mkaa ndani ya jiko lisilo na dirisha miaka na miaka unaharibu mapafu kama sigara, mama hajawahi kuvuta hata moja lakini anakohoa kila asubuhi na akipanda ngazi anahema. Ukiweza pikia nje au penye hewa, na kuni ziwe kavu. Mgodini, kama Mererani na machimbo ya dhahabu, lile vumbi la mawe likiingia kwenye mapafu halitoki, linaacha makovu, na mapafu yenye makovu hayo TB inayapenda. Kwa hiyo mchimbaji akikohoa asitosheke na makohozi tu, aombe na picha ya kifua, na aseme kazi yake hata kama aliiacha miaka kumi iliyopita. Mvutaji sigara ambaye kikohozi chake cha siku zote kimebadilika, au sauti imekwaruza haipoi, naye apigwe eksirei mapema, huko kuna saratani ya kuangaliwa.

Tangawizi, limao, asali, kujifukiza?

Kunywa tu, koo linatulia. Asali kijiko kimoja kabla ya kulala inasaidia kweli kikohozi cha usiku, ila mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe hata kidogo, kuna kidudu kinaweza kuwemo kwenye asali ambacho tumbo lake halikiwezi na kinalegeza misuli mpaka ya kupumua. Kujifukiza sufuria la moto chini ya blanketi na mtoto sishauri, wanaungua.

Sirapu nazo nyingi zinapunguza kuwasha tu. Mtoto mdogo hazimsaidii, zenye kodeini asipewe kabisa chini ya miaka 12, na msinunue zile za kwenye kikapu stendi. Mwaka 2022 kule Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, na sirapu zilizokuwa na kemikali za sumu ndo zilihusishwa. Nunua duka lenye kibali na ukihifadhi chupa ihifadhi na boksi lake.

Nikifika kwa daktari niseme nini asinipe tena dawa ile ile?

Anza na tarehe, tangu lini, usiseme kitambo. Kikavu au kinatoa makohozi, kinazidi saa ngapi, kuna damu, umepungua. Kisha toa pakiti zote ulizokunywa hata zile ulizonunua kwangu, weka mezani, hakuna wa kukufokea na akikufokea wewe ziache pale pale. Sema kazi yako, sema nani anaumwa nyumbani, sema dawa zako za kila siku, sema hali yako ya VVU kama unaijua. Na kama umefikisha wiki mbili na hakuna aliyetaja makohozi, omba mwenyewe kwa adabu, daktari naomba nipimwe TB, ni haki yako.

Nimepima TB hakuna, picha safi, na bado nakohoa

Kwanza kama bado unapungua na jasho la usiku lipo, jibu moja la hakuna halifungi mlango, rudia kupima. Kama hali nyingine ni nzuri, kikohozi kikipita wiki nane na picha ni safi, huvuti sigara na hunywi zile pril, mara nyingi kuna watatu wa kutafutwa, kamasi zinazotiririka nyuma ya koo kutokana na aleji au sainasi, pumu, na asidi ya tumbo inayopanda kooni, ambayo inaweza kukukohoza hata bila kiungulia, hasa ukila usiku ukalala hapo hapo. Mtu mmoja anaweza kuwa na mbili kwa pamoja. Daktari anajaribu kutibu moja anaangalia, akikosa anahamia nyingine, na kila jaribio linataka wiki kadhaa, la asidi linaweza kuchukua miezi miwili mitatu. Ndo maana nawaomba msirukeruke kutoka hospitali moja kwenda nyingine kila wiki, ukibadilisha daktari kila mmoja anaanza moja na anaanza na antibayotiki. Rudi kwa yule yule na daftari lako la matibabu, mwambie hii nimeitumia wiki hizi, usiku imepungua au haijapungua, tunahamia ipi.